Shajara ya mradi: kuingia kwenye DMR kwa redio moja ya mkono na hotispoti ndogo

Lengo

Mradi una kipimo kimoja. Mwendeshaji wa redio ya ridhaa mwenye leseni, aliyezoea FM tu, afike mahali anabonyeza kitufe kwenye DMR (mfumo wa redio wa sauti ya dijitali), anasikika safi upande wa pili, na anajua kwa nini anasikika. Hilo la mwisho ndilo gumu. FM ikikosewa hutoa dalili: kelele, sauti hafifu, mkwaruzo. DMR ikikosewa hunyamaza tu. Masafa, msimbo wa rangi, sloti (kipande cha wakati), kundi la mazungumzo, aina ya wito (wa kundi au binafsi) na namba ya redio, vyote sita sharti vikubaliane kwa wakati mmoja, na ukimya wa kosa moja hauna tofauti na ukimya wa kosa jingine. Ndiyo maana kila siku ya shajara hii inabadilishwa kitu kimoja, kinajaribiwa, kinaandikwa, kisha ndipo kinafuata kingine.

Siku ya 1: vifaa, na ombi la namba

Vilivyo mezani:

- redio ya mkono ya bendi mbili, DMR Tier II, pamoja na waya wake wa kuiprogramia;
- Raspberry Pi Zero 2 W (kompyuta ndogo);
- kibao cha modemu cha MMDVM cha kutengenezea hotispoti, chenye antena moja, chipu ADF7021, osileta (kinachoweka masafa) ya TCXO ya 14.7456 MHz;
- kadi ya microSD ya GB 16 na chaja ya volti 5 inayotoa ampea 2;
- kompyuta ya kuandalia kodiplagi (faili la mipangilio ya redio).

Kabla ya kununua redio, hakikisha imeandikwa Tier II. Tier I ni ya kuongea redio kwa redio bila ripita (kituo kinachopokea ishara na kuirusha tena), na redio inayojua Tier I peke yake haiwezi kutumia ripita za ridhaa. Tier III ina mfumo wa kugawa chaneli unaofaa makampuni, hapa hauhitajiki.

Namba ya redio iombwe siku hiyohiyo, kwa sababu ombi hukaguliwa na mtu na linaweza kuchukua siku kadhaa. Maombi hufanywa RadioID.net kwa kuambatisha nakala ya leseni. Namba ya mtu ina tarakimu 7, na tatu za mwanzo hufuata msimbo wa nchi unaotumika kwenye simu za mkononi: 262 kwa Ujerumani, 234 kwa Uingereza. Ya ripita ina tarakimu 6. Mtu mmoja anahitaji namba moja kwa redio zake zote. Kutumia namba ya kubuni "kwa majaribio tu" ni kosa baya: ikiwa ni ya mtu, jina lake ndilo litakaloonekana kwenye skrini za wengine, na ikiwa haina mwenyewe, mtandao utaikataa.

Wakati namba inasubiriwa, inafaa kuelewa kinachorushwa hewani. Kiwango cha DMR ni cha ETSI (taasisi ya viwango ya Ulaya), TS 102 361, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 2005. Chaneli moja ya kHz 12.5 hukatwa vipande vya wakati vya milisekunde 30: kimoja ni sloti 1, kinachofuata ni sloti 2, halafu 1 tena. Mazungumzo mawili yasiyohusiana hupita kwenye ripita moja bila kugusana. Redio ya mkono hurusha kwenye sloti yake tu, yaani nusu ya muda, na betri hufaidika. Sauti hubanwa na vokoda ya AMBE+2: biti 2,450 kwa sekunde ni za sauti yenyewe, na 1,150 zaidi ni za kurekebisha makosa.

Urushaji ni wa 4FSK, alama 4,800 kwa sekunde, kila alama ikibeba biti mbili. Alama nne hizo ni mikengeuko ya masafa ya Hz +1,944, +648, −648 na −1,944. Ziandike mahali, zitahitajika siku ya 7.

Siku ya 4: namba imetoka, kodiplagi ya chaneli tatu

Kodiplagi ni faili lenye kila kitu ambacho redio inajua: chaneli, kanda (mafungu ya chaneli), anwani, orodha za kupokea. Hatua ya kwanza si kuandika, ni kusoma. Redio isomwe, faili lake la kiwandani lihifadhiwe kwa jina lenye tarehe, na lisiguswe tena. Toleo la programu ya kompyuta na toleo la programu ya ndani ya redio lazima viendane. Visipoendana, uandishi unaweza kukubaliwa na bado chaneli zikatokea zimevurugika, kwa sababu kila toleo hupanga kumbukumbu kwa namna yake.

Kompyuta isipoiona redio, shida mara nyingi ni dereva au bandari ya COM iliyochaguliwa, na mara chache waya usioingia hadi mwisho. Wanaotumia Linux au macOS wana qdmr, programu huria inayozielewa redio nyingi za aina hii.

Kuna kishawishi cha kupakua kodiplagi iliyokamilika ya mtu mwingine, yenye chaneli mia tano. Mradi huu umeikataa. Kwanza, namba yake ya redio inaweza kubaki ndani. Pili, ukimya ukitokea hutajua pa kuanzia. Chaneli tatu zinatosha, zote za hotispoti (ripita ndogo ya mezani), zote kwenye masafa yaleyale:

1. KASUKU, wito binafsi kwa 9990;
2. KATA, wito wa kundi kwa 4000;
3. DUNIA, wito wa kundi kwa 91.

Namba hizo ni za BrandMeister, mtandao wa intaneti unaounganisha ripita na hotispoti za DMR. Mitandao mingine ina mpango wake. 9990 hurekodi unachosema na kukurudishia, 4000 huondoa kundi lililounganishwa, 91 ni kundi la dunia nzima.

Mpangilio wa kila chaneli: kupokea 438.800 MHz, kurusha 438.800 MHz, msimbo wa rangi 1, sloti 2, nguvu ya chini kabisa, ruhusa ya kurusha iwe "daima", kikomo cha kurusha sekunde 180. Masafa haya ni mfano wa mradi. Kila nchi ina mpango wake wa bendi, na popote ulipo iepuke 435 hadi 438 MHz, ambako satelaiti za ridhaa hufanya kazi. Hata miliwati 10 zilizo karibu na antena ya mtu anayesikiliza satelaiti ni kero.

Mpangilio mmoja wa kukagua na kuuacha umezimwa ni usimbaji fiche. Redio nyingi za DMR zinao kwa sababu zilibuniwa kwa ajili ya biashara. Kanuni za Redio za ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), namba 25.2A, zinakataza vituo vya ridhaa vya nchi tofauti kuficha maana ya mawasiliano yao.

Siku ya 5: hotispoti inawashwa

Hotispoti ni ripita ndogo ya mezani: inapokea redio yako kwa miliwati chache na kuipeleka kwenye mtandao. Kadi imeandikwa taswira ya Pi-Star, programu ya kuendeshea hotispoti. Antena ifungwe kwenye kibao kabla ya umeme kuingia.

Pi isipokuta Wi-Fi inayoijua, baada ya dakika chache hufungua yake yenyewe iitwayo Pi-Star-Setup. Unajiunga nayo, unafungua 192.168.50.1 kwenye kivinjari, unaingiza jina na nenosiri la Wi-Fi ya nyumbani. Kikwazo cha kwanza kilitokea hapa: Pi Zero 2 W husikia GHz 2.4 peke yake, na ruta ilikuwa inatangaza GHz 5 tu. Bendi ya 2.4 ilipowashwa, iliunganika papo hapo. Nenosiri la kiwandani libadilishwe sasa, si baadaye.

Kwenye ukurasa wa mipangilio yamejazwa: alama ya wito, namba ya redio, masafa 438.800, aina ya modemu inayolingana na kibao kilichopo, hali ya simpleksi (kupokea na kurusha kwa masafa mamoja), DMR peke yake ikiwa imewashwa, msimbo wa rangi 1, na seva ya BrandMeister iliyo karibu. Mambo mawili husahaulika. La kwanza ni nenosiri la hotispoti: linaundwa kwenye ukurasa wako wa BrandMeister, kisha lilelile linaandikwa kwenye Pi-Star. Lisipolingana, dashibodi huonyesha DMR kuwa na rangi nyekundu na seva haikupokei. La pili ni tarakimu mbili za nyongeza mwishoni mwa namba, kwa mfano 01. Ukiwa na hotispoti zaidi ya moja, kila moja ipewe zake, la sivyo zitapokonyana muunganisho. Nyongeza hiyo ni ya hotispoti. Kwenye redio hubaki tarakimu 7.

Jioni: DMR ni kijani kwenye dashibodi. Hakuna kilichorushwa bado.

Siku ya 6: Kasuku hajibu

Jaribio: chaneli KASUKU, sekunde tano za kuhesabu, kuachia kitufe. Matokeo: kimya.

Njia ya kutafuta kosa ni kufuata ishara kutoka redioni kwenda nje, na kuuliza maswali haya kwa mpangilio huu.

Je, dashibodi imeonyesha alama ya wito? Haikuonyesha. Basi kosa liko kati ya redio na kibao, na mtandao usiguswe kabisa. Masafa yalikuwa sahihi. Msimbo wa rangi ulikuwa 0 kwenye redio na 1 kwenye hotispoti: sehemu hiyo ilirukwa siku ya 4. Misimbo ni 16, kuanzia 0 hadi 15, na kazi yake inafanana na ile ya toni ya CTCSS (toni inayomfungulia mpokeaji) kwenye FM. Ikitofautiana, mpokeaji hutupa kila kitu bila kusema neno.

Baada ya kuusahihisha, alama ya wito imetokea kwenye dashibodi, ikilengwa TG 9990. Kasuku bado kimya. Neno TG (kundi la mazungumzo) mbele ya namba lilitosha kujibu: wito ulikuwa wa kundi. Kasuku wa BrandMeister huitwa kwa wito binafsi. Anwani ya 9990 imebadilishwa aina, redio imeandikwa upya, na sauti imerudi.

Imerudi, lakini imekatikakatika kama mtu anayeongea ndani ya ndoo ya maji.

Siku ya 7: kuweka masafa sawa

Hii ndiyo siku yenye faida kuliko zote, na wengi huiruka.

Dashibodi ina safu ya BER, kiwango cha makosa ya biti, kwa kila urushaji unaotoka redioni. Chini ya asilimia 1 ni vizuri. Ikikaribia 5, vokoda huanza kubahatisha na maneno hupotea. Ilisoma 4.1.

Sababu ni osileta. Kwenye 438.8 MHz, kosa la sehemu moja kwa milioni ni Hz 439. Kibao kinaweza kukosea kiasi hicho, na redio nayo kiasi chake. Sasa rudi kwenye mikengeuko ya siku ya 1: kati ya alama na jirani yake kuna Hz 1,296, kwa hiyo mpaka wa maamuzi uko Hz 648 kutoka kila upande. Ukihamisha ishara yote kwa Hz 500, umeacha Hz 148 tu za kuvumilia kelele. Kwenye FM ya kawaida Hz 500 hazisikiki kabisa, na ndiyo sababu waliotoka FM hawalifikirii kosa hili.

Marekebisho yako kwenye mipangilio ya kitaalamu ya MMDVMHost, sehemu ya Modem: RXOffset na TXOffset, kwa Hz. Kwanza kifaa kiachwe kimewashwa dakika 20, maana osileta huhama kadiri kasha linavyopata joto. Kisha simama mita tatu kutoka kwenye kibao ukiwa na nguvu ya chini. Ukikaribia sana, redio humzidi mpokeaji na BER hupanda kwa sababu isiyohusiana na masafa. Rusha sekunde kumi kwa kila thamani:

- 0: 4.1
- +300: 6.8, upande usio sahihi
- −200: 2.3
- −400: 0.6
- −500: 0.3
- −600: 0.5
- −800: 2.2

Imechaguliwa −500 kwa RXOffset, na −500 pia kwa TXOffset, kwa sababu osileta ni moja kwa pande zote mbili. Kasuku sasa anarudisha sauti safi. Baadhi ya vibao huja na kibandiko chenye thamani ya kuanzia. Ni mwanzo mzuri, lakini hakijui osileta ya redio yako ikoje.

Siku ya 9: Kasuku yuko sawa, makundi kimya

Chaneli DUNIA. Dashibodi inaonyesha watu wakiongea kwenye 91, taa ya redio inawaka kijani, spika haitoi kitu.

Kosa: orodha ya makundi ya kupokea ilikuwa tupu. Redio hupokea ishara, husoma namba ya kundi, haikuti kwenye orodha, inanyamaza. Kinachopoteza watu hapa ni kwamba Kasuku alikuwa anafanya kazi. Jibu lake huja kama wito binafsi kwa namba yako, na wito binafsi haupiti kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo Kasuku anathibitisha masafa, rangi, namba na mtandao. Orodha ya kupokea hajaigusa. 91 imeongezwa kwenye orodha, orodha imefungwa kwenye chaneli, na sauti zimetoka.

Redio nyingi zina hali ya kusikiliza kila kundi bila kujali orodha. Iwashe unapotafuta kosa: sauti ikitoka, umepata jibu. Kisha izime.

Tatizo la pili siku hiyohiyo: majaribio ya kuita hayakuingia, hata KATA haikupokelewa. Hotispoti ya simpleksi ina masafa mamoja, inaporusha haisikii. Kundi la 91 lilikuwa limewekwa la kudumu kwenye BrandMeister, na lina shughuli muda mwingi, kwa hiyo kibao kilikuwa kinarusha karibu mfululizo. Limeondolewa kwenye orodha ya kudumu. Sasa 91 huja tu linapoitwa kwa kubonyeza kitufe, na hubaki mpaka kundi jingine liitwe au 4000 itumwe. Ushauri wa mradi: hotispoti ya simpleksi isiwe na kundi la kudumu lenye msongamano.

Siku ya 12: ripita

Kanda mpya, masafa ya ripita jinsi yanavyotangazwa: kupokea ni masafa inayorushia, kurusha ni yale inayosikilizia. Msimbo wa rangi na sloti ya kila kundi ni uamuzi wa mwenye ripita, usikisie.

Tofauti na hotispoti ya simpleksi ni kwamba ripita lazima iamshwe. Redio hutuma ombi fupi, husubiri mapigo ya wakati kutoka ripitani, halafu ndipo huanza kurusha kwenye sloti yake. Ombi lisipojibiwa, redio hulia mlio wa kukataliwa. Hapo angalia umbali, masafa ya kurusha na msimbo wa rangi, kwa mpangilio huo. Ukiruhusiwa kurusha lakini hakuna anayejibu kwenye kundi unalolijua lina watu, rangi na masafa yamepita. Kosa liko kwenye sloti au kundi.

Ruhusa ya kurusha haikubaki "daima" kama kwenye hotispoti. Imewekwa ya kusubiri sloti iwe wazi. Redio yako huweza kuwa kimya huku sloti ikitumiwa na kundi usilolisikiliza, na "daima" ingekufanya uwakanyage bila kujua.

Siku ya 13: redio kwa redio

Kwa mawasiliano bila ripita: msimbo wa rangi 1, sloti 1, kundi 99, mpangilio uliozoeleka. Katika Kanda ya 1 ya IARU (umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa), masafa ya kuitania kwa sauti ya dijitali ni 433.450 MHz na 145.375 MHz. Fupi, na imefanya kazi mara ya kwanza.

Siku ya 15: adabu ya kitufe na sauti

Bonyeza, subiri sekunde moja, kisha ongea. Mtandao unahitaji muda huo kufungua njia, na anayeanza kuongea papo hapo hupoteza nusu ya alama yake ya wito. Kati ya zamu acha sekunde mbili au tatu ili mwingine aweze kuingia au kukata muunganisho. Alama ya wito itamkwe kwa mdomo. Namba kwenye skrini haichukui nafasi yake.

Mdomo uwe kama sentimeta 5 hadi 8 kutoka kwenye maikrofoni, kidogo kando yake. AMBE+2 imeundwa kueleza sauti ya binadamu. Upepo na injini huvieleza kama sauti ya binadamu pia, na kinachotoka ni mngurumo juu ya maneno. Kuongeza unyeti wa maikrofoni hapo hakusaidii, kunazidisha. Kasuku ndiye kioo: rekodi mara tatu kwa viwango vitatu vya maikrofoni, chagua, andika kiwango kilichochaguliwa.

Siku ya 18: hali ilivyo

Vinavyofanya kazi: chaneli tatu za hotispoti, kanda moja ya ripita, chaneli mbili za redio kwa redio. BER kati ya 0.3 na 0.6 baada ya kifaa kupata joto. Kodiplagi nne zimehifadhiwa kwa tarehe, ya kiwandani ikiwa ya kwanza.

Vinavyofuata: kupakia orodha ya namba na majina kutoka RadioID.net ili skrini ionyeshe anayeongea. Kutengeneza antena ya robo wimbi kwa hotispoti, waya wa sentimeta 16.2 kwa 438.8 MHz kabla ya kupunguza kidogo kidogo. Na kupima BER upya hotispoti ikiwa ndani ya kasha lililofungwa, saa mbili mfululizo, ili kujua kama −500 inahama.